Musituambie tena kama hatujue kazi

Wandugu na wadada wa Dilala na Manika,

Kila mara kijana wa Kolwezi anaomba kazi kwenye mgodi, jibu ni lile lile: "Bavijana habajue mashini." Sawa. Tukaenda kujifunza mashini.

Tulichanga makuta, tukanunua karte moja ya Arduino Uno. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 32 tu, lakini inatosha kupima joto ao kuzima pompi tangi ikijaa. Programu ya kuiandikia ni ya bure. Kuipakua sasa! Mega za wiki nzima zilikwisha, na umeme ulikatika mara mbili. Kisha ordinateri ikakataa kuona karte. Tulifikiri tumeiunguza, kumbe kamba ya USB ilikuwa ya kuchajia simu tu, haipitishi data. Tukabadilisha kamba, tukaweka dereva ya CH340 (karte za bei ndogo nyingi zinaiomba), tukachagua porti kwenye menyu, na kataa kakaanza kuwaka na kuzimika. Watu saba, makofi, kwa ajili ya kataa kamoja!

Kwa hiyo tatizo si kichwa. Tunakosa umeme, intaneti na fasi ya kukaa. Na Nzilo na Nseke, barrage zenye kutoa umeme tangu miaka ya 1950, ziko hapa karibu na sisi. Kode ya migodi ya 2018 nayo iko wazi: katika kila dola 100 za redevansi, 25 ni za jimbo, na 15 ni za mji, komini, sekta ao sheferi kwenye mgodi uko. Hizo 15 tunazitafuta mtaani kwetu, hatuzione.

Tunadai wakubwa wabandike ukutani, kila miezi tatu, kiasi walichopokea na walichotumia. Tunadai chumba kimoja Dilala na kimoja Manika, chenye paneli za jua, ordinateri na intaneti. Tisheti za kampeni mukae nazo.

Wakati tunangojea, tunagawa Arduino 1.8.19 kwa mukono: ile inakuja na kila kitu cha Uno ndani, haiombe tena intaneti. Kwa karte za ESP32 kuna mzigo mwingine wa kupakua, tutauchangia pamoja. Kuja na flashi yako, na kamba yenye kupitisha data.