Jamaa na Nyumba: Kopo la Maji Msalani

Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari ambayo watu huinong'ona tu, au huipita kimya. Mnisamehe. Wazee walinena kwamba mficha uchi hazai, nami ni mwalimu. Nikiona haya mimi, watoto watafundishwa na barabara.

Neno lenyewe lilianzia darasani. Mwaka wa shule uliopita nilikusanya madaftari ya hesabu ili niyasahihishe, nikakuta la mvulana mmoja limekonda mno. Daftari la kurasa 96 lina karatasi 48. Lake lilikuwa na 19. Nikamwita kando, nikamwuliza zile nyingine zimekwenda wapi. Akatazama vidole vya miguu yake kitambo kizuri, kisha akajibu, "Msalani, Mwalimu." Wala si yeye peke yake aliyezichana. Baba yake, kaka zake, hata mgeni aliyelala kwao siku mbili, wote walijua daftari lilipowekwa. Hivyo eneo la duara lilikuwa limekwenda shimoni, na sehemu kubwa ya desimali ikalifuata.

Sikumwadhibu. Ningemwadhibu kwa kosa gani? Kwao hapakuwa na kitu kingine. Karatasi laini ya msalani inapatikana katika maduka ya Bunia. Huletwa na malori kutoka Uganda, kwa njia ya Mahagi au Aru, pamoja na sabuni na chumvi. Lakini jamaa ya watu wanane itainunua kila juma kwa fedha gani? Najua nisemalo, maana nalipwa mshahara wa mwalimu. Basi watu hutumia walicho nacho: daftari, kartoni ya sabuni, majani, magunzi ya mahindi. Hata gazeti hili mnalolisoma sasa, sijui safari yake itaishia wapi, na heri nisiulize.

Babu zetu vijijini walitumia majani, na walikuwa na elimu yake. Walijua jani lililo laini na jani liwashalo. Mtoto wa mjini hana elimu hiyo, wala majani yenyewe hayapo tena katika mitaa yetu iliyojaa nyumba. Karatasi ngumu ya daftari nayo hukwaruza ngozi, na katika vyoo vya bomba haiyeyuki. Nimewahi kuona choo cha shule moja kikiziba kabisa, fundi akaitwa, naye akavuta kutoka ndani ya bomba karibu imla ya darasa zima.

Lakini kosa kubwa la vitu hivi vyote ni moja: hupangusa, haviondoi. Jambo hili nilifahamishwa na jirani yetu wa zamani, mzee mmoja Mwislamu, fundi wa cherehani. Tulipokuwa wadogo tulimcheka kila alipokwenda uani akichukua birika lake la maji. Tulisema, "Mzee anakwenda kupika chai." Siku moja alitusikia. Hakukasirika. Akaniita, akaniuliza, "Mama yako akimaliza kupakua sombe yenye mawese, sahani huipangusa kwa karatasi akairudisha kabatini?" Nikasema, la, huiosha kwa maji na sabuni. "Basi," akasema, "mimi nami naosha sahani yangu." Nilikwenda zangu nikiwa na aibu, na tangu siku ile neno lake halijanitoka.

Watu wa pwani, kule Mombasa na Zanzibar, kazi hiyo wana neno lake: kuchamba, yaani kujisafisha kwa maji baada ya haja. Huko kopo au kata ya maji msalani ni kitu cha kawaida kama mlango. Huku kwetu Wakristo wengi hudhani kwamba kuchamba ni desturi ya Waislamu tu, na kwamba mtu aliyesoma hutumia karatasi. Nawaambia hao waulize padre yeyote aliyesoma Roma. Katika nyumba za Italia, kando ya choo, kipo chombo cha pili kama beseni refu, chenye bomba lake, ambacho mtu hukikalia na kujiosha. Huitwa bide. Kilitoka Ufaransa katika karne ya 18, na jina lake ni neno la zamani la farasi mdogo, kwa kuwa mtu hukipanda kama apandavyo farasi. Amri ya serikali ya Italia ya Julai 1975 iliagiza kwamba kila nyumba ya kukaa watu iwe na angalau bafu moja lenye bide. Basi mji wa Baba Mtakatifu umezungukwa na watu wanaochamba!

Wajapani nao huuza choo chenye kurusha maji chenyewe. Ama karatasi, Wachina waliijua kwa kazi hiyo tangu karne ya 6, lakini Marekani ilianza kuuzwa madukani mwaka 1857 tu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, watu wa nchi tajiri waligombania karatasi za msalani mpaka rafu za maduka zikabaki tupu. Mwenye kopo lake hakuwa na haja ya kugombana na mtu.

Bide yenyewe mimi niliiona mara ya kwanza utotoni, katika nyumba moja ya zamani iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika miaka mingi. Mama wa nyumba alikuwa ameloweka maharage ndani yake, nasi tulidhani ndiyo kazi yake.

Sasa nieleze jinsi ya kufanya nyumbani, maana wengi wameniuliza pembeni, baada ya kutazama kwanza kama hakuna asikiaye. Chukueni kopo lenye mkono, au birika la plastiki lenye mdomo mrefu, liwekwe msalani na lisitoke humo. Lisichote kamwe katika bidoni ya maji ya kunywa. Maji yamiminwe ndani yake. Maji si lazima yachemshwe, lakini yawe safi, si ya mtaro. Mkono wa kuume humimina, mkono wa kushoto huosha. Wasichana na akina mama waoshe kutoka mbele kwenda nyuma, wala si kinyume, kwa maana njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi na uchafu huingia upesi, ukaleta maumivu ambayo wengi huyadhania kuwa ni ya kurogwa. Halafu mtu ajikaushe kwa kitambaa chake mwenyewe, kifuliwe kila siku na kuanikwa juani. Kitambaa kimoja cha nyumba nzima ni kibaya kuliko daftari.

Baada ya hapo ni mikono, kwa sabuni. Hapa sitaki mtu aniambie kwamba maji yatosha. Asiyenawa kwa sabuni baada ya kuchamba ni afadhali abaki na magunzi yake, kwa sababu ameutoa uchafu mahali ulipofichika akauleta mezani. Kunawa kwa sabuni peke yake hupunguza magonjwa ya kuhara kwa karibu theluthi moja. Katika Ituri tulilijua sana jambo hili wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200 katika jimbo letu na Kivu ya Kaskazini. Kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba. Leo ndoo nyingi zimekauka, nyingine zimepandwa maua. Ituri bado ina kipindupindu, hasa kando ya Ziwa Albert, kule Kasenyi na Tchomia, kinachorudi mara kwa mara, nacho hakiulizi kama Ebola imekwisha. Sabuni ikikosekana, jivu la jikoni husaidia.

Najua mama mmoja aliyefika hapa katika kusoma atasema, "Mwalimu, maneno mazuri, lakini maji yako wapi?" Ana haki. Bomba halifiki kwa kila mtu mjini mwetu, na penye bomba siku nyingine hakuna maji. Tuhesabu basi, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu. Nusu lita yatosha kwa mtu mzima mwenye akili. Watu wanane, lita 4. Tuongeze lita 4 za kunawa mikono. Ni lita 8, chini ya nusu ya bidoni moja ya lita 20. Wakati wa mvua, pipa chini ya bati hutoa hayo yote bila mtu kwenda chemchemini.

Lakini hesabu hiyo ina mtu ndani yake. Nusu bidoni hiyo huchukuliwa na msichana, kichwani au mgongoni, naye huyo huyo hufika shuleni kwangu kengele ikiwa imekwisha lia, shingo inamwuma, na mimi nilikuwa nikimwandika kuwa mchelewaji. Sitaki usafi wa nyumba nzima uwekwe juu ya shingo yake. Baba anayetaka kopo msalani na achukue bidoni. Mimi huchukua moja kila asubuhi kabla ya shule. Siku za kwanza majirani walijiuliza kwa sauti ya kusikika kama mwalimu ameoa au ameolewa. Sasa wawili kati yao hukutana nami njiani, nao wana bidoni zao; hatuzungumzi habari hiyo, tunasalimiana tu.

Nimalizie kwa habari za kambi. Vijana wetu wa Xaveri, chama alichokianzisha Padre Georges Defour huko Bukavu mwaka 1952, hupenda kwenda kambini wakati wa likizo, na mimi huwasindikiza. Zamani kila mmoja aliingia porini na jani lake, na baada ya siku tatu hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Karatasi ni mbaya zaidi, kwa kuwa hupeperuka na kukwama katika miti kama maua meupe. Mwezi wa nane uliopita tulifanya vingine. Kila kijana alileta chupa ya plastiki ya nusu lita. Kifuniko chake kilitobolewa matundu madogo kwa msumari mwembamba uliopashwa moto. Ukiigeuza chupa na kuibana kidogo, maji hutoka kwa nguvu kama mvua ndogo. Hiyo ndiyo bide ya kambini, na bei yake ni bure.

Tulichimba mtaro mmoja upande wa chini, mita 60 na zaidi kutoka kijito tulichochotea maji ya kupikia, na jembe likaachwa pale ili kila mtu afukie. Anayekwenda safari peke yake achimbe shimo lake, kina cha kiganja kirefu cha mtu mzima, achambe juu yake, afukie. Hakuna kinachobaki nyuma. Usiku wa kwanza vijana walicheka sana. Usiku wa pili mmoja alisahau chupa yake, akaja kunigonga hemani kuazima yangu. Sikumpa. Kitu hicho hakiazimwi.

Ziko kambi nyingine ambazo hakuna aliyezichagua. Tangu vita vya Djugu vilipowaka tena mwishoni mwa 2017, maelfu walikimbilia Bunia, na mwaka 2019 ilifunguliwa kambi ya Kigonze. Nimewafundisha watoto wa huko. Mashirika ya misaada yana kitabu chao cha kanuni kiitwacho Sphere, kilichoanza kutungwa mwaka 1997. Kinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, choo kimoja kisizidi watu 20 watu wakikaa muda mrefu, na choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji. Tena, kwa watu wanaochamba, kinahesabu lita 1 hadi 2 kwa kila mtu kwa siku kwa kazi hiyo peke yake. Nawaandikia ninyi mlio katika kamati za kambi, ili mjue kwamba kuomba maji ya kuchamba si kujidai wala si anasa. Limo kitabuni. Mkiulizwa jinsi vyoo vijengwe, msione haya kusema: sisi twajiosha, tupeni mahali pa kuweka kopo, na mlango unaofungwa, kwa maana msichana hawezi kujiosha nyuma ya turubai lililotoboka.

Yule mvulana wa daftari alikuwa pamoja nasi katika kambi ya Xaveri. Ndiye aliyetoboa vifuniko vyote, 32, na alichoma kidole mara moja tu. Muhula huu nimekusanya tena madaftari ya hesabu. Lake lina karatasi 48. Nimezihesabu mara mbili. Ila mwandiko wake bado ni mbaya.