TAHARIRI: KITI CHA BUNGE NI MALI YA NANI?

Jumapili moja, baada ya ibada hapa Matsangoni, bibi mmoja mwenye umri wa kutosha kuikumbuka siku ya Uhuru alitusimamisha chini ya mwembe akatuuliza: "Wakili, mwanangu, mbunge yule nilimpa kura kwa sababu ya chama chake. Sasa chama amekihama, na kiti amekwenda nacho. Kura yangu mimi iko wapi?" Tulimjibu kwa vifungu vya sheria. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kwamba bado hatujamjibu. Alisema kweli. Tahariri hii ni jaribio la kumjibu tena, yeye pamoja na kila mwananchi anayejiuliza swali hilo huku uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia.

Swali lenyewe si geni katika pwani yetu. Katika uchaguzi wa mwaka 1963, wazee wetu wengi walimfuata Ronald Ngala, mwana wa ardhi hii, na chama chake cha KADU kilichopigania serikali za majimbo. Haukupita muda mrefu kabla ya wabunge wa KADU kuanza kuhamia upande wa serikali mmoja mmoja, na mnamo Novemba 1964 chama chenyewe kikavunjwa na waliosalia wakaingia KANU. Mwaka 1966 Ngala mwenyewe akawa waziri. Huenda walikuwa na sababu zao, na historia itawapima. Lakini mpiga kura wa Kilifi aliyeipigia KADU kura hakuulizwa neno.

Miaka miwili baadaye upepo ulivuma kutoka upande wa pili. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake waliitoka KANU wakaunda KPU. Safari hii Bunge halikukaa kimya. Lilibadilisha Katiba kwa haraka, likaweka sharti kwamba mbunge anayekihama chama kilichomdhamini hupoteza kiti chake na hurudi kwa wapiga kura. Wabunge 29 walirudishwa katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo, na KPU ikatoka na viti 9. Mwaka 1969 chama hicho kikapigwa marufuku.

Msomaji na aitazame miaka hiyo miwili kwa pamoja. Waliohama kuielekea serikali mwaka 1964 walipongezwa kwa kuleta umoja. Walioihama serikali mwaka 1966 walitungiwa sheria. Sharti lenyewe ni la haki, kwani aliyepewa kura kwa jina fulani na arudi kwa waliompa anapolibadili jina hilo. Ila lilizaliwa likiwa na jicho moja, na hadi leo linaona upande mmoja tu.

Chama kimoja kilipobaki peke yake, swali la bibi yetu lilikosa hata mahali pa kuulizwa. Mwaka 1975 Martin Shikuku alidokeza Bungeni kwamba wapo wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokwisha kuiua KANU. Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini, akasema jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge wakatiwa kizuizini. Mwaka 1982 kifungu cha 2A kikaifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1988 ukaja mchujo wa mlolongo, ambapo wananchi walipanga foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, na mara nyingi foleni fupi ikatangazwa kuwa ndiyo ndefu. Baraza la Makanisa lilikuwa limeupinga utaratibu huo tangu mwaka 1986, na maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari hawakunyamaza. Walijua kwamba kiti huibwa kwanza ndani ya chama, kabla hata ya siku ya kupiga kura.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa. Mwaka uliofuata upinzani ulipata viti 88 na KANU 100. Je, tulivitunza viti hivyo? Wabunge kadhaa wa upinzani walirejea KANU mmoja baada ya mwingine, na chaguzi ndogo zikafuatana. Hata hivyo, katika miaka hiyo upo mfano mmoja unaostahili kukumbukwa. Raila Odinga alipotoka FORD-Kenya na kuingia NDP, alikiacha kiti chake cha Lang'ata, akarudi kwa wapiga kura, na mnamo Machi 1997 wakamchagua tena. Mtu anaweza kupinga siasa za marehemu huyo kwa mambo mengi. Katika hilo aliwaheshimu wenye mali.

Katiba ya mwaka 2010 imelitia sharti hilo katika kifungu cha 103, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 imeongeza kwamba anayejiunga na chama kingine, au anayepigia debe sera za chama kingine hadharani, huhesabiwa kuwa amejiuzulu kutoka chama chake. Maneno hayo hayana kasoro. Matendo je? Sisi wa Kilifi Kaskazini hatuhitaji kwenda mbali. Mbunge tuliyemchagua kwa tikiti ya ODM mwaka 2013 aligombea ugavana kwa tikiti ya Jubilee mwaka 2017, na mwaka 2022 akawa gavana kwa tikiti ya ODM tena. Aliyemfuata alichaguliwa kwa ODM mwaka 2017 na kwa UDA mwaka 2022. Jirani zetu wa Malindi walikuwa na mbunge wa ODM aliyefukuzwa chamani mwaka 2019 kwa kuunga mkono upande wa pili. Alipinga uamuzi huo kisheria, akabaki kitini hadi mwisho wa kipindi, kisha akawania ugavana kwa tikiti ya UDA. Hatumtuhumu yeyote kati yao kwa kosa la jinai. Kuhama ni haki ya kila raia. Tunachosema ni kwamba kabla ya uchaguzi kufika, hakuna kati yao aliyerudi kwetu kutuuliza.

Jambo hili limepanda hadi juu. Oktoba 2022 Spika wa Bunge la Kitaifa aliutangaza muungano wa Kenya Kwanza kuwa wenye wabunge wengi, baada ya kuvihesabu upande huo vyama vidogo vilivyokuwa vimeingia uchaguzini ndani ya Azimio. Februari 2025 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba uamuzi huo ulikiuka Katiba, kwani kura za wananchi zilikuwa zimeipa Azimio wabunge 171 na Kenya Kwanza 165. Siku chache baadaye Spika alishikilia msimamo wake.

Kwa nini sheria nzuri inalala? Kwa sababu mwenye kuiamsha ni chama, na chama chenyewe si chetu. Mbunge mhamaji anaposhitakiwa na chama chake leo, kesho viongozi hupatana, na shauri huishia mezani. Bendera hufuata upepo. Lakini upepo nao una mwenye kuupuliza.

Hapa tunaomba kuwapeleka wasomaji Norwei, nchi ambayo wanamageuzi wa Kenya wana sababu ya kuikumbuka. Oktoba 1990 serikali yetu ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwei kwa sababu ya kesi ya uhaini ya Koigi wa Wamwere, mbunge wa zamani aliyekuwa amepata hifadhi huko. Bunge la nchi hiyo lina wabunge 169 kutoka wilaya 19 za uchaguzi. Ndani ya ukumbi hawaketi kwa makundi ya vyama, bali kwa wilaya zao, hata mtu wa chama cha wafanyakazi akaketi bega kwa bega na mpinzani wake kwa sababu wametoka pwani moja. Mbunge akifa au akiwa waziri, nafasi yake hushikwa na naibu kutoka orodha ile ile ya chama iliyopigiwa kura. Hakuna haja ya uchaguzi mdogo kama ule wa Malindi wa Machi 2016, uliofanyika baada ya mbunge kuteuliwa waziri.

Lililo kubwa zaidi ni hili: sheria ya huko haimnyang'anyi kiti mbunge anayekihama chama chake. Akitoka, anabaki Bungeni. Hata hivyo wanaohama ni wachache. Orodha ya wagombea huamuliwa na wajumbe wa matawi ya chama katika kila wilaya, na wanachama hulipa ada na kuhudhuria mikutano. Anayewasaliti hao anajua kwamba uchaguzi ujao jina lake halitaandikwa. Hatusemi tuige mfumo wao wote, wala hatusemi wao ni malaika. Tunasema kwamba tawi lililo hai humfunga mbunge kuliko kifungu kilicholala.

Sasa tujiulize: tawi la chama chako hapa Matsangoni liko wapi? Daftari lake anaweka nani? Uchaguzi wake wa mwisho ulifanyika lini? Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa katika vyama wasivyovijua, bila idhini yao.

Ndugu zetu wanaharakati na waumini, tunawaomba mambo manne. Kwanza, kila mmoja ahakikishe kwa Msajili wa Vyama jina lake limeandikwa wapi. Kama si chaguo lake, alitoe. Pili, anayekipenda chama ajiunge nacho kwa hiari, alipe ada hata kama ni ndogo, na adai uchaguzi wa tawi, kwani Katiba, katika kifungu cha 91, inakitaka kila chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Tatu, wakati wa mchujo, mgombea yeyote atie sahihi mbele ya wananchi kwamba akikihama chama atakiacha kiti na kurudi kwetu, kama ilivyofanyika Lang'ata mwaka 1997. Ahadi hiyo huenda isiwe na nguvu mahakamani, lakini itakuwa na nguvu sokoni, kisimani na kanisani. Nne, makanisa yasimpe mimbari mhamaji kwa sababu amekuja na bahasha. Mchungaji anayetaka kumtambulisha mbunge na amwombe kwanza awaeleze waumini ni kwa nini amehama, na nani alimruhusu.

Tukirudi kwa bibi yetu wa chini ya mwembe, jibu letu sasa ni hili. Mama, kiti ni chako. Si cha mbunge, wala si cha makao makuu ya chama Nairobi. Lakini mali isiyolindwa na mwenyewe hulindwa na mwizi. Kura yako ya Agosti huamua nani aketi. Sauti yako katika tawi, mwaka mzima, ndiyo itakayoamua kama atakapohama ataondoka na kiti, au atakiacha mlangoni pako.