Ukunjo wa Uso Katika Picha ya Mtoto

Katika nyumba nyingi za hapa Arua Hill, mgeni akikaribishwa sebuleni macho yake huangukia kwanza picha zilizotundikwa ukutani. Hivi karibuni nilimtembelea jirani yangu, mke wa askari, akanionyesha picha ya mumewe alipokuwa mtoto wa miaka minne. Mtoto amevaa kofia ya kijeshi ya baba yake. Uso ameukunja, mikono ameibana ubavuni. Wageni wote husema neno moja: “Huyu alizaliwa askari.”

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharage kando yetu, alicheka. “Askari gani? Viatu vile tuliviazima, vikambana vidole. Alikuwa karibu kulia.”

Basi tulichokiita ushujaa kilikuwa maumivu ya vidole! Yafaa tukumbuke kwamba picha ya mtoto huonyesha kwanza matakwa ya wakubwa. Mtoto hachagui nguo, wala pazia la nyuma, wala kitu anachoshikishwa mkononi. Tena, katika karne ya 19, mwenye kupigwa picha alilazimika kutulia kwa sekunde kadhaa, la sivyo sura yake ingefifia. Hiyo ni sababu mojawapo ya watu wa picha za kale kuonekana kana kwamba wamefiwa. Kutocheka kwao si lazima kuwe huzuni.

Mfano mkubwa ni wa mtoto Kalulu. Mwaka 1871, huko Unyanyembe karibu na Tabora, mfanyabiashara Mwarabu alimtoa mtoto huyo mtumwa kuwa zawadi kwa msafiri Henry Morton Stanley. Jina lake lilikuwa Ndugu M’Hali. Stanley akambadilisha, akamwita Kalulu. Mwaka 1872 walipigwa picha pamoja mjini London. Stanley yumo katika mavazi ya safari, na mtoto yupo kama mtumishi wake, ilhali Afrika yote iliyo nyuma yao ni ya studio. Mtazamaji aliambiwa kwa picha hiyo: huyu ni bwana, na huyu ni mfuasi mwaminifu. Moyo wa mtoto mwenyewe haukuulizwa. Mwaka 1877 alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo, na hata leo wengi humjua kwa jina alilopachikwa tu.

Kwa hiyo, tutazamapo picha ya mtoto, tuulize: nani aliyemsimamisha pale, na kitu alichovaa au kukishika ni cha nani?

Nilipomwuliza mama mkwe habari za ile kofia, kicheko kilikoma. Mwaka 1980, watu wengi wa West Nile walipokimbilia Zaire na Sudan, yeye aliivusha picha hiyo mpakani ndani ya sufuria. Mumewe hakuonekana tena, wala hakuna picha yake nyingine iliyosalia. Kwetu kofia ile ilikuwa alama ya jeshi. Kwake yeye ni mumewe.

Jioni ile jirani yangu alichukua kalamu, akaigeuza picha, akaandika jina la mtoto, jina la mwenye kofia, na habari ya viatu vya kuazima. Akina baba na akina mama, fanyeni vivyo hivyo wangali hai wanaoweza kujibu.