Wasee wa Kericho na Bomet, Huo Ushauri Wenu Unaumiza Watu

Leo naongea na wanaume, hasa wa rika langu, na sitapindisha maneno.

Kuna grupu za WhatsApp na Telegram ambazo kazi yake ni moja tu: wanaume wanaonunua ngono kupeana ushauri. Kama wewe ni kijana wa Litein, Sotik, Kapsoit, Silibwet ama Bomet mjini, pengine ushawahi kuongezwa kwa moja bila kuulizwa. Mimi niliongezwa na msee tuliyesoma naye. Nilikaa siku tatu nikisoma, kisha nikatoka. Nilichosoma ndicho kimenifanya niandike hii.

Juu juu inakaa stori ya kawaida. Mmoja anauliza, "Kericho leo usiku, wapi kuko sawa?" Mwingine anajibu na jina la loji. Wa tatu anaweka bei. Wa nne anaweka picha ya mwanamke ambaye hata hajui amepigwa picha. Halafu emoji za moto, na "asante kaka kwa mwongozo." Wanajiita watu wanaosaidiana, kana kwamba mtu ameuliza tu nyama choma tamu iko wapi.

Mimi nasema hivi: huo ushauri haukukingi na chochote. Unakufundisha namna ya kumfikia mwanamke wakati hana nguvu ya kukataa. Ukitoa hiyo sehemu, hakuna kikubwa kinachobaki kwa hizo grupu.

Na kabla mnirukie: sijakuja kuhubiri. Wahubiri tunao wa kutosha huku. Pia siandiki kuwatusi wanawake wanaofanya hiyo kazi. Nawaandikia nyinyi mnaokaa chini kuwajadili.

Tuanze na bei, maana ndiyo ushauri namba moja, na karibu kila mara unafanana: usiende mapema, ngoja. Ngoja saa sita usiku, bado hajapata mtu. Ngoja mvua inyeshe. Ngoja mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba imefika. Ngoja Januari, watoto wanarudi shule. Soma tena hiyo orodha polepole. Hakuna hata kitu kimoja hapo kinachohusu anachotaka huyo mwanamke. Yote ni shida zake, na saa ambayo zinambana zaidi. Umekaa ukapiga hesabu ya njaa ya mtu, kisha ukawagawia wenzako majibu bure.

Ya pili ni kondomu. Kuna wasee wanaoandikiana nani "anakubali bila" ukiongeza kitu kidogo. Kuna wengine wabaya zaidi, wanaoelezana jinsi ya kuitoa katikati bila yeye kujua. Hiyo msiiite ujanja. Alikubali jambo moja, wewe ukamfanyia lingine. Na kama wewe unayesoma hii imekupata, uwe mwanamke ama mwanaume, sikiza: dawa za kuzuia HIV baada ya tukio, zile zinaitwa PEP, zinafaa kuanzwa ndani ya saa 72, na ukiwahi mapema ni bora zaidi. Enda hospitali leo. Usingoje kesho.

Ya tatu ni pesa. Tuma kwa M-Pesa, ukitoka tu mlangoni unarivasi. Ama mwonyeshe meseji feki. Hii wanaicheka sana. Sasa niambie, fundi akikutengenezea pikipiki halafu urivasi pesa yake, watu wa steji watakuita mjanja ama watakuita mwizi? Mnathubutu kwa sababu mnajua hataenda polisi. Na akienda, swali la kwanza ataulizwa yeye: ulikuwa unafanya nini huko?

Ya nne ni umri, na hapa sina mjadala na mtu. "Ako mpya," "ni wa shule," "bado hajazoeleka." Msee, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 8, inasema ukifanya ngono na mtoto wa miaka 16 au 17 kifungo si chini ya miaka 15. Akiwa wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Na kifungu cha 15 kinamgusa hata yule ambaye hakuenda popote: anayemshawishi mtu awe mteja wa mtoto, kwa tangazo la maandishi, la mdomo ama kwa njia nyingine kama hizo, kifungo si chini ya miaka 10. Wewe uliyeandika "mcheki huyu wa fomu tatu" ukiwa kitandani kwenu, ndiwe unaongelewa hapo.

Sasa mtasema, hii si iko kila mahali, mbona unaandika kuhusu huku kwetu? Kwa sababu ya majani chai.

Nyinyi mnajua vile kunakaa hapa bonasi ya KTDA ikiingia, kawaida karibu na Oktoba. Miji inafurika. Baa zinajaa Jumatatu kama ni Jumamosi. Kwa boma nyingi, majani yalichumwa na mama na watoto, lakini namba ya mkulima na akaunti ni ya mzee, kwa hivyo pesa inaanza safari na mzee. Wiki hiyo ndiyo hizo grupu huchangamka zaidi. Yaani pesa ambayo mwanamke mmoja aliitolea jasho kwa shamba inaenda kutumiwa kumpigia bei mwanamke mwingine mjini. Halafu Novemba tunaulizana karo imeenda wapi.

Upande wa mashamba makubwa ya kampuni, mchumaji hulipwa kwa kilo. Majani yakipungua, pesa inapungua. Mashine nazo zimeingia. Mei 2023 watu hapa Kericho walichoma mashine za kuchuma chai kwa hasira, na hiyo hasira ilikuwa na sababu: mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na wachumaji wengi ni akina mama. Sisemi kila mwanamke anayefanya hiyo kazi usiku alikuwa mchumaji. Nasema nyumba zetu zinategemea zao moja, na likiyumba kila mtu anayumba, na mwenye kidogo anaanguka kwanza.

Mnakumbuka ile filamu ya BBC ya Februari 2023? Zaidi ya wanawake 70 waliambia BBC kwamba walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka na Unilever na James Finlay. Ukitaka kibarua, ukitaka kazi nyepesi, kwanza "uelewane" na bosi. Sisi vijana tulikasirika kweli. Klipu zilisambaa kila mahali, kila mtu alikuwa mwanaharakati kwa wiki moja.

Sasa fikiria yule supavaisa alikuwa anajua nini. Alijua nani hana kazi. Alijua nani ana watoto na hana wa kumsaidia. Alijua nani atanyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake, kujua shida za watu, na bila hiyo cheo chake kisingemtosha. Fungua grupu yako ya ushauri utafute humo kuna habari gani. Ni zile zile: nani amekwama, nani ana mtoto mgonjwa, nani hana mtu wa kumtetea. Supavaisa alikuwa na habari hizo peke yake. Nyinyi mnazigawia watu 200 kwa siku. Huwezi kumlaani yule wa shambani asubuhi, halafu usiku ukatumia mbinu zake na ukaita ushauri.

Najua majibu yenu, maana nimeyasikia yote.

"Hakuna aliyelazimishwa." Hiyo sheria niliyotaja, kifungu cha 42, inasema kukubali ni mtu kuchagua mwenyewe akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Siwezi kukuamulia kila kesi, mimi si jaji. Lakini ushauri wako wote unahusu kungoja mpaka uhuru wake upungue. Wewe mwenyewe umeandika hivyo, kwa mkono wako.

"Wanawake pia wana grupu zao, wanatujadili." Ndiyo, huambiana. Huambiana huyu hupiga, ile gari usiingie, nikitoka nitakutumia namba ya chumba, nisipopiga simu kufikia saa nane nitafute. Wana hata mashirika yao, kama KESWA, muungano wao wa kitaifa, na wana waelimishaji rika wanaofundishana afya na usalama. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, vituo vingi vilivyokuwa vinawahudumia hapa Kenya vilifungwa ama vikapunguza kazi. Kwa hivyo wao wanabaki kuambiana jinsi ya kufika asubuhi, na nyinyi mnaambiana jinsi ya kuokoa shilingi mia mbili. Msiseme ni kitu kimoja.

Na kama unadhani hiyo hofu yao ni maigizo, kumbuka Januari 2024. Wanawake waliuawa kwenye nyumba za kukodi za usiku mmoja Nairobi, na tarehe 27 maelfu wakaingia barabarani kote nchini kupinga mauaji ya wanawake. Nenda usome komenti za wiki ile. Wanaume walikuwa bado wanauliza alienda huko kufanya nini. Karibu hakuna aliyeuliza mwanaume aliyekuwa naye alienda kufanya nini.

"Ni maneno tu." Hapana, maneno hufanya kazi. Januari 2016 huko Marekani, eneo la Seattle, polisi walifunga mtandao ulioitwa The Review Board, ambako wanaume walikuwa wakiandika sifa na kasoro za wanawake waliowanunua, wengi wao kutoka Korea Kusini. Wanaume kadhaa walishtakiwa kwa kuendeleza ukahaba. Hoja ya mashtaka ilikuwa nyepesi kuelewa: zile tathmini ndizo zilizoleta wateja, kwa hivyo aliyeandika alikuwa sehemu ya biashara. Na hapa kwetu, ile picha uliyoitupa kwa grupu, kama ni ya mtu akiwa faraghani, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 37, ina faini ya hadi shilingi 200,000 ama miaka 2 ndani, ama vyote viwili. Haijalishi kama uliifuta baadaye.

Lakini wacha niwaambie kinachoniuma zaidi kuhusu sheria. Msako ukifanywa mjini, anayepandishwa kwa gari la polisi ni mwanamke. Sheria ndogo za miji zinamkamata kwa kuzurura. Kanuni za Adhabu, vifungu vya 153 na 154, zinawafuata wanaoishi kwa mapato ya ukahaba. Mteja mtu mzima anayenunua kwa mtu mzima hatajwi, anatoka mlango wa nyuma akivuta zipu, na kesho yake yuko kwa grupu akionya wenzake: "leo msiende, kuna karao." Mzigo wote amebeba mmoja, na aliyebaki huru ndiye anajiita mhanga anayehitaji ushauri.

Sisi huku tunajua maana ya ushauri. Kijana wa Kipsigis hupelekwa menjo, na yale ya menjo yanabaki menjo, siyatoi hapa. Lakini kila mtu anajua kuna motiriot, mkubwa anayekufundisha vile mwanaume anakaa na watu, na jina lake linajulikana. Ukiharibu, wataulizana nani alikufundisha. Hao washauri wenu wa Telegram wanatumia picha ya simba na namba ya pili. Mtu anayeficha uso akikufundisha jinsi ya kuwa mwanaume, ujue hata yeye anajua anachokufundisha.

Kwa hivyo nataka mfanye vitu vitatu. Ukiona mtoto ametajwa humo, piga picha ya skrini kabla haijafutwa, usiisambaze kwa mtu mwingine, na upige 116, laini ya bure ya watoto. Ukiona mtu anafundisha kutoa kondomu ama kurivasi pesa, mjibu hapo hapo mbele ya wote, usimfuate kwa inboksi. Hao hunenepa juu wengine wote wananyamaza. Na kama wewe ni admini, funga. Usiniambie huwezi, uliweza kufungua.

Na kwa yule ataniambia nimetumwa na mafeministi, nina swali moja tu, nakuomba ulijibu kabla ya matusi. Huo ushauri wako, ungeutoa kwa sauti hapo steji ya Bomet, ukitumia jina lako la kitambulisho, mama yako akiwa amesimama hapo na kikapu chake cha majani?

Komenti ziko wazi.