Songo Mnara si mji wa wageni, na mikoko yake si matope

Hivi karibuni, katika kikao kimoja cha wazazi na walimu hapa Makole, ililetwa hoja ya kuwapeleka wanafunzi wa Historia mkoani Lindi, wakaone magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Hoja hiyo haikuishi dakika tano. Ndugu mmoja, mtumishi wa umma mwenye elimu yake, alisimama akauliza kwa kebehi: "Tuwatoe watoto Dodoma tukawakanyagishe matope ya mikoko, ili wakaone nyumba zilizoachwa na Waarabu?" Watu wakacheka. Mwalimu aliyeleta hoja akakaa, na kikao kikahamia kwenye suala la madawati.

Kauli hiyo ingetoka kwa mtu asiyebahatika kusoma, nisingeshika kalamu. Asiyejua hufundishwa. Lakini imetoka kwa msomi, na husikika mara kwa mara maofisini na hata, tuseme kweli, katika vyumba vya walimu. Hii ni kasumba ile ile tuliyoachiwa na wakoloni, waliotaka tuamini kwamba kila jiwe lililosimama vizuri katika bara hili lilisimamishwa na mtu aliyevuka bahari.

Mimi nimeyakanyaga matope hayo. Mashua hutoka Kilwa Masoko na kuelekea kusini, ikikipita kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Tulipofika Songo Mnara maji yalikuwa yamekupwa, ikabidi tukunje suruali na kushuka, tukatembea majini kisha topeni katikati ya mikoko. Kimya cha mahali pale hakina mfano mjini. Husikii ila kaa wanaojificha mashimoni, ndege mmoja mmoja, na miguu yako mwenyewe ikichomoka kwenye tope. Mizizi ya mikoko imesimama kama miguu ya watu wengi, na miche vya mchu vimetoboa matope kila upande. Mtu hutembea akidhani amefika mwisho wa dunia, mahali pasipokaliwa tangu kuumbwa. Mara msitu unaachia, na mbele yako kuna ukuta wa mji.

Ni mji kweli, wala si gofu moja la kupigia picha. Ndani ya kuta zake kuna misikiti mitano, jumba la kifalme, na nyumba zaidi ya 30 za mawe ya matumbawe, zenye nyua, vidaka na milango ya upinde. Watu waliishi hapa kati ya karne ya 14 na ya 16, wakati Kilwa ilipokuwa ikitajirika kwa dhahabu ya Sofala na kutengeneza sarafu zake yenyewe za shaba. Msafiri Ibn Battuta aliiona Kilwa mwaka 1331 akaisifu kwa uzuri wake. Wareno walipoivamia mwaka 1505 waliipora.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Anasema ni nyumba za Waarabu. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Songo Mnara tangu mwaka 2009 wamekuta kwamba ndani ya kuta hizo hizo, pamoja na nyumba za mawe, zilikuwamo pia nyumba za miti na udongo. Vyungu vilivyopikiwa mjini humo vingi ni vya kufinyangwa hapa hapa pwani. Lugha ya watu wa miji hii ni ya Kibantu, na ndiyo anayoitumia yeye kuwadharau. Atasema: je, wale Washirazi? Hatuna haja ya kuwaficha. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale kutoka miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, Songo Mnara ikiwemo. Ulionyesha kuwa wengi wa watu hao walitokana na mama wa Kiafrika na baba wa Kiasia, hasa wa Uajemi. Basi wageni walikuja, wakaoa, na watoto wakazungumza lugha ya mama zao. Tangu lini mtoto akaitwa mgeni kwao kwa sababu baba yake alifika kwa jahazi?

Kosa lake la pili ni hilo neno "matope". Anadhani mikoko ni kichaka kilichoota juu ya historia na kuizuia isionekane. Angeingia katika nyumba moja tu angeona kuwa vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti. Paa lilikuwa bapa, la mawe na chokaa, na lilibebwa na boriti za mikoko, kwa hiyo upana wa chumba haukuweza kupita urefu wa boriti. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Mtoto wa Kigogo aliyelelewa katika tembe, chini ya paa bapa la udongo lililobebwa na miti, angelielewa jambo hili kabla mwalimu hajamaliza kulieleza. Huyo ndiye mtoto aliyenyimwa safari.

Na mikoko haijamaliza kazi yake. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na hazikuondolewa humo hadi 2014. Moja ya hatari hizo ilikuwa mawimbi yanayokula ufuko na kufikia misingi ya majengo. Pale mikoko inapokatwa, bahari hukutana na ukuta uso kwa uso. Afisa anayeamini kuwa yale ni matope tu atatia saini kibali cha kuikata bila mkono kumtetemeka. Hapo ndipo dhihaka ya kikaoni inapokuwa jambo la hatari.

Wapo watakaosema Kilwa ni mbali. Ni mbali, sibishi. Lakini michoro ya mapangoni ya Kolo, iliyomo katika orodha hiyo hiyo tangu 2006, iko Kondoa, mkoani mwetu humu humu, na hapa Makole wamejaa watumishi ambao hawajaitia machoni. Kwa hiyo umbali si hoja.

Tangu 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kwa saa chache, na kutoka pale yapo mabasi ya Kilwa. Mwalimu yule alinionyesha karatasi yake ya hesabu: treni, basi, mashua, malazi na chakula. Jumla yake haifikii chai na posho za semina moja ya siku mbili. Ya mwisho niliyohudhuria hapa mjini mada yake ilikuwa uzalendo, na ndugu yetu wa kikaoni alikuwa miongoni mwa watoa mada.