Kubebana mgongoni kupanda kilima si mazoezi ya nguvu

Goma. Kwenye viwanja vya mjini, pale mawe ya volkeno yanapochana miguu, kuna makocha wa vijana wanaowapandisha wachezaji kilima, mmoja akiwa mgongoni mwa mwenzake. Anayechelewa anapigishwa pompe 50. Anayelia goti anaambiwa yeye si mwanaume. Eti hayo ndiyo mazoezi ya nguvu. Ni adhabu tu, na wanaoilipa ni watoto.

Wengi wa watoto hao wametoka Masisi na Rutshuru wakikimbia vita. Wengine wanacheza peku peku ama na sandali za plastiki, na tumboni mna chai peke yake. Kijana kama huyo akiumia goti, si timu tu inayompoteza. Ni yeye anayechota maji, anayesukuma chukudu, anayetafuta cha kula jioni. Kesho yake kocha atapata mchezaji mwingine. Mama yake atapata wapi kijana mwingine?

Makocha wanajitetea kwamba hawana mashine kama klabu za Ulaya. Hicho ni kisingizio. Programu ya FIFA inayoitwa 11+ haina mashine hata moja. Inachukua dakika 20 hivi, angalau mara mbili kwa juma. Wachezaji wanaanza kwa kukimbia polepole wakifungua nyonga. Kisha wanalala juu ya viwiko, mwili umenyooka, wanajikaza. Wanasimama kwa mguu mmoja, wanachuchumaa na kuinuka, wanaruka na kutua goti likikunjika bila kuingia ndani. Kuna zoezi moja ambalo mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anashuka mbele taratibu akijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja. Misuli hiyo ndiyo inayochanika mara nyingi mtu akikimbia kwa kasi. Mwisho ni mbio na kugeuka ghafla. Gharama yake ni nini? Mwenzako wa kukushika miguu, basi.

Na mtu asiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Mjini Lagos, Nigeria, watafiti walifuatilia timu 20 za vijana, wachezaji 416, kwa miezi 6. Matokeo yalitoka mwaka 2014: timu zilizofanya 11+ zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41.

Wapo wanaosema wachezaji wa zamani walibebana hivyo hivyo na wakawa mabingwa. Mabingwa wanaonekana, ndiyo. Wale waliobaki wakichechemea, nani aliwahesabu?

Lawama si ya makocha peke yao, maana wengi wanajitolea bila kupata hata franga moja. Kuna wakubwa wanaofika na jezi zenye picha zao, wanapigwa makofi, wanaenda. Bei ya jezi za timu moja ingeweza kulipia siku mbili za kumfundisha kocha namna ya kupasha mwili joto, na namna ya kumpumzisha mtoto ambaye hajala tangu jana.

Bado kuna wanaolalamika kwamba uwanja wanaupata saa moja tu, hivyo dakika 20 ni nyingi. Zifanyike kando ya mstari, wakati timu iliyotangulia ingali inacheza.