Macho Hayana Pazia, Lakini Mgonjwa Ana Heshima Yake



Usiku mmoja wa Aprili 2020, katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, mtu mmoja alizikwa gizani. Hakuwa na jeneza. Mwili wake ulikuwa ndani ya mfuko, na waliomshusha kaburini walikuwa watumishi waliojifunika mavazi ya kujikinga tangu kichwani hadi miguuni, wakifanya haraka kama watu wanaofukia jambo la aibu. Hofu ya ugonjwa wa korona ilikuwa imetanda kila mahali. Picha za mazishi hayo zilienea nchi nzima, na watu wengi wakaghadhibika. Waliuliza: je, kuogopa ugonjwa kumetufanya tusahau kwamba aliyekufa ni mtu?

Tunaanza na kisa hiki kwa sababu kinatuwekea mbele yetu maswali mawili, na yote mawili ni ya haki. La kwanza: kama picha zile zisingepigwa, nani angejua jinsi marehemu yule alivyozikwa, na nani angeuliza? La pili: je, marehemu na watu wa nyumbani kwake walistahili mazishi yao yatazamwe na mamilioni ya watu katika simu, wengine wakila chakula, wengine wakicheka? Wahenga walisema, maiti haulizwi sanda. Na kwa kuwa haulizwi, ni wajibu wetu sisi tulio hai kujiuliza kwa niaba yake.

Tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba ugonjwa wa UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima, wapiga picha wa magazeti na mashirika ya habari wamefanya kazi katika mazingira magumu mno. Dharura ile ilitangazwa kwisha Mei 2023, lakini somo lake halijaisha. Mkoani Kagera ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Machi 2023, na tena Januari 2025. Uganda ilipatwa na Ebola mwaka 2022 na mwaka 2025. Maradhi mengine yatakuja, na siku hiyo mwenye kamera atabisha hodi katika zahanati zetu na misibani kwetu. Yafaa tujue mapema tutamjibu nini.

KWA NINI PICHA INAHITAJIKA

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii husemwa juu ya mtu mmoja, lakini yahusu mataifa pia. Hapa kwetu Tanzania, kuanzia mwisho wa Aprili 2020, takwimu za wagonjwa na vifo zilikoma kutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Machi 2021, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padre Charles Kitima, alisema hadharani kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na watawa wa kike 60 walikuwa wamefariki, vifo vilivyohusishwa na matatizo ya kupumua. Tulizika. Tuliimba. Lakini ni picha ngapi za wakati ule zilizobaki za kuwaeleza wajukuu wetu yaliyotupata? Pasipo picha na pasipo hesabu, hata kilio chetu wenyewe chaweza siku moja kukanushwa.

Nchini India ilikuwa vingine. Aprili 2021, hospitali za New Delhi zilipofurika, mpiga picha Danish Siddiqui wa shirika la habari la Reuters aliwaonyesha wagonjwa wawili wakigawana kitanda kimoja, kila mmoja na kifaa chake cha kupumulia. Akaonyesha pia, kutoka juu, uwanja wa kuchomea maiti ukiwaka mioto mingi kwa wakati mmoja, huku nyumba za watu zikiwa kando yake. Hesabu rasmi za serikali ya India hazikufikia vifo 500,000 kufikia mwisho wa mwaka 2021. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba vifo vilivyozidi vya kawaida nchini humo, katika miaka ile miwili ya janga, vilikuwa karibu milioni 4.7. Serikali ilipinga makadirio hayo. Lakini mtu aliyeitazama picha ya mioto ile alikwisha kuelewa mapema kwamba daftari na uwanja wa maiti havikuwa vikisema lugha moja. Siddiqui mwenyewe aliuawa Julai 2021 akiwa kazini katika vita vya Afghanistan. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake watatu wa Reuters walipewa tuzo ya Pulitzer kwa picha zao za janga la India.

Basi, kamera ni shahidi. Mahali ambapo mgonjwa anatenganishwa na watu wake, anakufa peke yake na kuzikwa na wageni, shahidi ni wa lazima. Anayemfukuza shahidi kwa kisingizio cha kulinda heshima ya mgonjwa, mara nyingi anailinda heshima yake mwenyewe.

PALE PICHA INAPOGEUKA DHULUMA

Hata hivyo, si kila mwenye kamera ni shahidi wa haki. Yako macho yanayotazama ili kusaidia, na yako macho yanayotazama ili kushiba.

Tuchukue mfano wa ugonjwa wa mpox. Mei 2022 ugonjwa huu ulipozuka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, vyombo kadhaa vya habari vya huko vilipamba taarifa zake kwa picha za watu weusi wenye vipele, ilhali wagonjwa waliokuwa wakizungumziwa walikuwa wa nchi zao wenyewe. Chama cha waandishi wa habari wa kigeni barani Afrika kilitoa tamko la kulaani jambo hilo. Kilikuwa na haki. Picha ya namna hiyo humwambia mtazamaji kwamba ugonjwa una rangi na una bara lake. Mwafrika huvuliwa nguo mbele ya dunia nzima, tena kwa ajili ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Lakini tusiwanyoshee kidole wageni peke yao. Ni mara ngapi katika mitaa yetu simu huinuliwa kabla ya mkono wa msaada? Mtu ameanguka njiani, na waliomzunguka wanarekodi. Mgonjwa amekonda kitandani, na jamaa aliyekuja kumjulia hali anampiga picha na kuituma katika makundi ya simu, eti watu wamwombee. Nia yaweza kuwa njema, lakini picha hiyo hairudi tena. Mgonjwa akipona, ataikuta sokoni na kazini, na watoto wake wataikuta shuleni. Wazee wetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, wanajua vizuri jinsi jina la ugonjwa linavyoweza kumganda mtu na ukoo wake hata miaka mingi baada ya mazishi.

IKO NJIA YA HAKI

Wengine hudhani kwamba tuna njia mbili tu: kuficha au kudhalilisha. Sivyo. Wapo wapiga picha waliotuonyesha njia ya tatu.

Nchini Indonesia, Julai 2020, Joshua Irwandi alichapisha picha ya mwili uliofungwa kwa plastiki juu ya kitanda cha hospitali. Uso hauonekani, jina halikutajwa, na hospitali pia hakuitaja. Wapo waliomshutumu, hata kudai kwamba picha ilikuwa ya kupanga. Lakini aliweza kuieleza nchi nzima kifo kilivyo, wala hakumtaja marehemu.

Nchini Brazil, Agosti 2020, Mads Nissen alimpiga picha bibi mwenye umri wa miaka 85 katika nyumba ya kutunzia wazee mjini São Paulo. Bibi huyo anakumbatiwa na muuguzi kupitia pazia la plastiki, na lilikuwa kumbatio lake la kwanza baada ya miezi mitano. Hakuna maiti katika picha ile, wala machozi ya kuwindwa. Hata hivyo ndiyo iliyochaguliwa kuwa picha bora ya mwaka katika shindano la World Press Photo la mwaka 2021, kwa kuwa iliusema upweke wa wazee kuliko maneno mengi.

Na zamani kidogo, mwaka 1990, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, Therese Frare alipiga picha ya kijana David Kirby aliyekuwa akifa kwa UKIMWI, kichwa chake kikiwa kimekumbatiwa na baba yake. Frare hakujipenyeza chumbani. Mama wa mgonjwa ndiye aliyetoka na kumwomba aingie, apige picha familia ikimuaga mtoto wao. Jarida la LIFE liliichapisha Novemba mwaka huo, na wasomaji waliozoea kumwona mgonjwa wa UKIMWI kama tishio wakamwona kuwa ni mtoto wa mtu.

Katika picha hizi zote tunaona jambo moja: mpiga picha alikumbuka kwamba aliye mbele ya kamera ni mwenye nyumba, na yeye ni mgeni.

UKWELI WA PICHA NI PAMOJA NA TAREHE YAKE

Picha yaweza kuwa ya kweli na bado ikasema uongo, ikiwa imewekwa mahali pasipo pake au siku isiyo yake. Aprili 2020 ukurasa wa mtandaoni wa gazeti la Mwananchi ulitoa picha ya Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, akinunua samaki huku amezungukwa na watu, katika siku ambazo wananchi walikuwa wakihimizwa kuepuka misongamano. Ilipobainika kwamba picha hiyo ilikuwa ya zamani, iliondolewa na gazeti likaomba radhi. Hata hivyo Mamlaka ya Mawasiliano ilisimamisha leseni ya huduma ya mtandaoni ya gazeti hilo kwa miezi sita na kulitoza faini ya shilingi milioni 5.

Hapa pana mafunzo mawili. Mwandishi hana budi kueleza picha ilipigwa lini na wapi, kwani wakati wa janga kosa dogo laweza kuzua hofu au dharau. Na mwenye mamlaka hana budi kupima adhabu yake. Kosa lililokwisha kuombwa radhi likiadhibiwa kwa kufunga mlango miezi sita, wanaoumia ni wananchi waliohitaji habari za ugonjwa kuliko wakati mwingine wowote.

MPIGA PICHA NAYE NI MTU

Daktari anaweza kutoa ushauri kwa simu, na mwandishi wa maneno anaweza kuuliza maswali akiwa nyumbani. Mpiga picha hawezi. Lazima awepo. Wengi wao hawana mwajiri wa kudumu. Hulipwa kwa kila picha, bila bima, na barakoa hujinunulia wenyewe. Wanaporudi nyumbani hukaa mbali na watoto wao, wakihofia kuwaletea maradhi.

Tena jamii huwaogopa. Michel du Cille wa gazeti la Washington Post alikwenda Liberia mwaka 2014 kupiga picha za Ebola. Aliporudi Marekani alikaa siku 21 bila dalili yoyote, na bado chuo kikuu kimoja kilichokuwa kimemwalika kikafuta mwaliko wake kwa hofu. Alirudi tena Liberia na kufariki huko Desemba mwaka huo, si kwa Ebola, bali kwa kile kilichoonekana kuwa ni mshtuko wa moyo, akiwa bado kazini. Mtu aliyekwenda kutuonea yale ambayo sisi tuliogopa kuyaona asipokelewe kama mwenye kosa.

YATUPASAYO

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, tunazisihi jumuiya zetu ndogo ndogo na halmashauri za walei ziyazungumze mambo haya kabla janga halijafika mlangoni.

Kwanza, mwenye kamera akija, tusimfukuze wala tusimwachie njia tu. Tumwulize ametoka chombo gani, anataka kuonyesha nini, na picha itatumikaje. Tumpeleke kwa mgonjwa mwenyewe au kwa wafiwa, na neno lao liwe la mwisho. Hapana ya maskini ina uzito sawa na hapana ya tajiri.

Pili, mgonjwa akitaka kuonekana ili kilio chake kisikike, tusimnyamazishe kwa kuona aibu sisi.

Tatu, tuweke simu zetu mfukoni mbele ya kitanda cha mgonjwa na mbele ya jeneza, isipokuwa wenye msiba wametuomba. Tukipokea picha ya namna hiyo, tusiipeleke mbele.

Nne, tukiona mgonjwa au maiti anatendewa isivyo haki, tusiogope kushuhudia na kuwafikishia ushahidi wanaohusika. Sura ya mnyonge ifichwe, lakini dhuluma aliyotendewa isifichwe.

Macho hayana pazia. Hatuwezi kuyazuia yasione. Lakini mwenye macho ana moyo na ana dhamiri, na hivyo ndivyo vinavyoamua atazame namna gani. Siku itakayofika zamu ya mmoja wetu kulala pale kitandani, atakuwa na haki ya kuonwa, asisahauliwe, na haki ya kusitiriwa, asiaibishwe. Tuanze leo kumtendea mwenzetu vile ambavyo siku hiyo tungependa kutendewa.